Fisi Aliyerudi Baada ya Mwisho

Tuanze na benchi lenyewe, maana bila benchi hakuna maneno. Lilikuwa viti vinne vya kukunja vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo Wahindi waliviacha nyuma ya jumba la sinema la Arua walipoambiwa waondoke. Mwenye jumba mpya, mkubwa mmoja wa Kampala ambaye Arua hajawahi kuikanyaga, hakujua hata kama anavyo. Rehemah alivikokota hadi ubavuni mwa ukuta, akaweka jiko lake la mkaa pembeni, na tangu hapo kahawa yake ya tangawizi ikawa na kijiwe. Kiti cha kwanza kilikuwa cha Tahiru muuza nyama, aliyeitwa Redio kwa sababu habari zote anazo na hazizimiki. Cha pili cha Zéphyrin, fundi cherehani kutoka Kongo, Sentimita kwa jina la mtaani, kwani futi ya kupimia haimtoki shingoni hata msibani. Cha tatu cha Wani, dereva wa lori la Koboko na Oraba, aliyeitwa Breki kwa kuwa mdomo wake haukuwa nayo. Cha nne, chenye springi iliyochomoza, kilikuwa cha Ezati, mwonyeshaji wa picha, ambaye wote walimwita Fundi Mwanga. Asubuhi ile ya Jumatatu Fundi Mwanga aliikalia springi yake bila kulalamika, na hilo peke yake lingemshtua mtu mwenye akili. Lakini siku hiyo akili kijiweni haikuwapo. Wote walikuwa wameona picha ya Jumamosi.

— Ile picha si ya watoto, Tahiru alianza, kikombe cha kwanza hakijapoa. Ile picha iko barua.

— Barua ya nani? Rehemah aliuliza.

— Ya sisi! Sisi watu ya huku! Wewe naona nini pale, mama? Mbuzi tu?

Hadithi yenyewe kila mmoja wao aliijua tangu utotoni. Mama mbuzi anatoka kutafuta chakula, anawaambia wanawe wasimfungulie mtu. Fisi anakuja, anaigiza sauti ya mama, anafunguliwa, anawameza wote watano. Mama anarudi, anamkuta fisi amelala na tumbo kama gunia, anampasua, watoto wanatoka wazima, fisi anatupwa mtoni. Watoto wanapiga makofi, wanakwenda kulala. Bibi zetu walitulaza kwa hadithi hiyo, nasi tukalala vizuri tu.

Sasa wazungu wameigeuza kuwa picha mpya. Mbuzi wanakaa mjini kwenye nyumba ya ghorofa, mama mbuzi ni nesi, na fisi amevaa suti na kofia, anaendesha gari refu jeusi. Hayo yote watu wa Arua waliyameza bila taabu. Kilichowakwama kooni ni mwisho wake. Fisi alipasuliwa, ndiyo. Watoto walitoka, ndiyo. Fisi alitupwa mtoni, muziki ukapigwa, ukumbi mzima ukashangilia. Halafu, bila salamu wala hodi, fisi yule yule akaonekana sebuleni na suti yake kavu kabisa, akawameza watoto mmoja baada ya mwingine, akajinyoosha kwenye kochi, akasinzia. Taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka nje wakitazamana kama waliotoka kuzika.

— Mimi nawaambia, Wani alisema. Ile fisi naanguka maji, narudi na suti kavu. Nani naweza kuanguka maji asilowe? Mutu yenye iko na mashua! Wale watu ya serikali ya zamani, yenye nalikimbia huko kusini, mwaka jana nalijaribu kurudi, tukasema kwisha. Hapana kwisha! Nakuja tena, na ikikuja, nani tamezwa wa kwanza? Siye. Nasema siye, watu ya West Nile, nyumbani ya Rais.

— Sema pole pole, wewe, Rehemah alimkemea, macho yake barabarani.

— Nasema pole pole namna gani? Jana mimi niko Oraba, pale mpaka. Naona na macho yangu watu wanavuka kwenda Kaya na magodoro. Godoro, mama! Mutu anaenda sokoni na godoro?

Zéphyrin aliivuta futi yake shingoni, akaikunja, akaikunjua. Alikuwa mtu wa vipimo, na hofu yake nayo ilikuwa na vipimo.

— Ngojeni. Mimi nilisoma. Katikati ya picha, wakati watoto wanacheza, maandiko yalikuja makubwa. Ilikuwa imeandikwa mwisho. Mwisho! Halafu ikaendelea. Mulishaona wapi mwisho inaendelea?

Ezati aliinama kuikandamiza springi yake.

— Walituandikia mwisho kusudi tulegee, Zéphyrin aliendelea kwa sauti ya chini. Sisi kule Kongo ilikuwa hivi hivi. Walisema kwisha, vita imekwisha, mutu afungue duka yake. Tukafungua. Ndugu yangu Ambroise alifungua wa kwanza. Mpaka leo sijui kaburi yake. Na sasa musikie: tangu jana mama watatu wamekuja kwangu, wote wanataka nguo yenye mfuko wa ndani. Wa ndani kabisa, kwenye tumbo. Mwanamke anashona mfuko pale kama hakimbii?

— Watano, Tahiru alisema ghafla.

— Watatu, nimesema.

— Mbuzi! Mbuzi iko watano! Mimi nalihesabu usiku yote. Arua moja, Koboko mbili, Yumbe tatu, Moyo nne, Nebbi tano. Umeona? Na suti ya fisi iko na vifungo tano! Yule wa kwanza kumezwa naliita nani? Ule mdogo, mnene, yenye anakaa karibu na mlango. Mlango iko nini? Mpaka! Kwa hiyo wa kwanza iko Koboko.

— Toba! Wani alishika kichwa. Na mimi nyumba yangu iko Koboko!

Laiti ungekuwapo, ungecheka mpaka mbavu ziume. Ezati hakucheka. Ezati alikuwa na jambo moja kifuani tangu Jumamosi, na lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu. Picha ile huja katika makopo matano ya bati, kila moja na kipande chake, na namba ya kila kopo huandikwa kwenye kifuniko. Njiani kutoka Kampala basi lilisimamishwa kizuizini, askari wakateremsha mizigo, wakafungua makopo kutafuta chumvi na sukari ya magendo. Hawakukuta kitu, wakarudishia vifuniko kama walivyovishika. Ezati alikuwa amesimama jua kali mikono juu, anatetemeka; aliporuhusiwa kupanda, alipanda. Kifuniko cha nne kikawa juu ya kopo la tano, na cha tano juu ya la nne. Basi. Hapakuwa na barua, hapakuwa na mashua. Fisi hakurudi. Fisi alikuwa amekufa kabla hajamaliza kula, kwa mikono ya Ezati mwenyewe.

Na alijua. Maandishi ya mwisho yalipotokea, alijua pale pale, kwenye kile chumba chake cha joto. Angeweza kuzima mashine. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, watu wangesema wamepunjwa kopo zima, naye kazi hiyo aliirithi tu kwa Mhindi aliyeondoka, hana cheti wala mtetezi. Akafunga mashineni kopo lililobaki, akaliendesha. Sasa amwambie nani? Akisema alikosea, mkubwa wa Kampala atatafuta mwonyeshaji mwingine. Akisema askari ndio waliochanganya, huo ni wazimu.

— Lakini pengine, alijikaza kusema, pengine ni picha tu.

Wote walimgeukia.

— Wewe Fundi Mwanga ndiye naonyesha, Tahiru alisema. Wewe najua kitu?

— Nijue nini? Mimi nazungusha mashine.

— Basi nyamaza, unywe kahawa.

Akanyamaza, akanywa kahawa. Hapo ndipo alipoliona furushi. Lilikuwa nyuma ya jiko, limefungwa kwa kanga, na juu yake sufuria ndogo na ndala za watoto jozi tatu.

— Rehemah, alisema. Hii nini?

Rehemah hakumtazama. Alikuwa akipepea mkaa uliokwisha kuwaka vya kutosha.

— Wajukuu. Nawapeleka Koboko kwa dada yangu Kaltumu, na basi ya saa nne, inawachukua pale nyumba yangu. Yeye iko karibu na mpaka. Ikikuwa mbaya, wanavuka na mguu.

— Nani alikuambia itakuwa mbaya?

— Mimi mwenyewe naliona! Sauti yake ilipasuka. Naliona yule mama anarudi nyumbani na mboga yake, ananyoosha mkono kwa mlango, na fisi iko kwa kochi. Ile mama iko mimi, Ezati! Mama yao alifia hospitali ya Kuluva, mimi ndiye mama. Mimi nauza kahawa hapa, wao wamejifungia nyumbani. Nani anakaa na wao?

— Koboko wa kwanza kumezwa, Wani alinong'ona. Usipeleke Koboko, mama.

— Basi nipeleke wapi? Nipeleke wapi?

Ezati aliweka kikombe chini. Alifungua mdomo aseme sasa hivi, liwalo na liwe, na hapo hapo gari la jeshi likaingia kutoka barabara kuu, likasimama mbele ya benchi, moshi wake ukafunika harufu ya tangawizi.

Akashuka Sajini Lokule. Tahiru alimjua, humuuzia maini kila Ijumaa, lakini asubuhi ile Redio ilizimika yenyewe. Wani alikagua viatu vyake mwenyewe. Zéphyrin alijipima kiganja.

— Iko kahawa? sajini aliuliza.

Rehemah alimmiminia. Kahawa ilijaa nusu kikombe, kisha birika likatoa machicha.

— Imekwisha, Afande. Samahani sana.

— Hapana neno. Alikunywa akiwa amesimama. Macho yake yalikuwa mekundu, si ya pombe, ya kukesha. Nyinyi naona picha ya Jumamosi?

Nusu ya benchi ilitikisa kichwa kukubali, nusu kukataa.

— Mimi napeleka mtoto yangu. Ya kike, iko na miaka sita. Tangu siku ile hapana kula, hapana lala. Nafunga mlango, anaweka kiti. Hata mimi nikirudi kazini napiga hodi, anasema hapana, wewe iko fisi, wewe naiga sauti. Mimi! Baba yake! Anauliza mimi kitu moja tu, na mimi hapana jua ya kujibu. Sasa nauliza nyinyi. Wale watoto ndani ya tumbo. Nalitoka, ama hapana toka?

Swali jepesi namna hiyo! Watu watatu waliokuwa wamefasiri mpaka vifungo vya suti sasa walichungulia vikombe vyao. Ukisema walitoka, utaulizwa mbona wakamezwa tena. Ukisema hawakutoka, umemwambia askari uso kwa uso kwamba fisi ameshinda. Tahiru alikohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa jibu lake.

Huko stendi basi la Koboko likapiga honi ya kwanza. Rehemah akainama kushika furushi.

— Walitoka, Afande.

Ezati alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kusimama.

— Walitoka wote watano, na fisi alikufa, na hakurudi. Picha inaishia kwenye ngoma. Mimi ndiye niliyekosea makopo. La tano nilionyesha kabla ya la nne. Hakuna kitu kingine. Ni kosa la mikono yangu.

Ya kizuizini aliyameza.

— Makopo? Zéphyrin alisema, futi ikamponyoka.

— Makopo tu? Wani aliuliza, karibu na kukasirika. Na suti kavu?

— Alikuwa hajatupwa mtoni bado!

Rehemah alibaki ameinama, mkono juu ya fundo la kanga. Basi lilipiga honi ya pili. Polepole akajikalisha juu ya furushi lake, akajifunika uso kwa viganja. Lilipopita na vumbi lake kuelekea kaskazini, hakunyanyuka.

Sajini alimaliza kile kidogo kilichobaki kikombeni, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri.

— Wewe ndiye, alisema. Watu mingi nakimbia sababu ya ile picha. Wewe najua?

— Najua, Afande.

— Ingia gari.

Rehemah alinyanyua uso.

— Mimi nikimwambia, hataamini, sajini alisema. Tasema mimi naiga sauti. Wewe tamwambia mwenyewe. Mengine tutaongea baadaye.

Pengine ilikuwa hivyo tu, baba na mtoto wake. Pengine. Lakini katika Arua ya siku zile, ukiambiwa uingie gari huulizi mara mbili, na hukumbuki mtu aliyewahi kurudi akasimulia. Ezati alipanda, akakaa, kisha akachungulia dirishani.

— Tahiru! Ufunguo uko juu ya mlango. Leo saa kumi na mbili jioni watu watakuja. Nikiwa sijarudi, endesha wewe, umeniona mara nyingi. Usiamini vifuniko vya nne na tano. Lile kopo lenye doa la kutu ubavuni ndilo la mwisho. Umesikia? La kutu, la mwisho. Watoto watoke mwishoni.

— Nasikia, Redio alijibu kwa sauti ndogo.

Gari likageuka, likashika njia ya kambini. Watoto wa askari wote wanaishi kambini. Mahabusu nayo iko huko huko, na njia ni moja.