Mwalimu Mukai na Mchezo Uliokatwa Katikati

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Kitengela na wote mliotoka Kajiado, Masii na Rombo, poleni na asanteni kwa kufika. Historia hii inasomwa na Wayua, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia. Kuna historia nyingine, ile ya karatasi za rangi mlizopewa pale langoni, ambayo ilipita mikononi mwa kamati ya mazishi, ikakatwa huku, ikanyooshwa kule, mpaka ikabaki ya mama mpole aliyependa kwaya na maua, na hiyo familia inawaomba muitumie kujipepea, maana jua ni kali. Inayosomwa sasa ndiyo ya Mukai mwenyewe.

Mukai alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 huko Masii, mtoto wa pili wa Mzee Masila na Mama Kalekye, ambao wote wametutangulia. Mwaka wa 1964 baba alipata kibarua kwenye machimbo ya mawe huko Kajiado, akaita jamii yake imfuate, na ndiyo sababu Mukai alikuwa Mkamba aliyesalimia watu kwa Kimaasai kabla hawajafungua mdomo. Alisoma shule ya msingi hapo Kajiado mjini kuanzia 1966 hadi 1972, na akiwa darasa la tano alichapwa viboko mbele ya shule nzima kwa sababu ya mchezo wa kuigiza wa sikukuu, alipouliza mbona mfalme anasema maneno yake vizuri lakini hakuna anayejua anataka nini. Hakulia. Alirudi nyumbani akamwambia mama kwamba mwalimu amemchapa kwa sababu hana jibu, na mama akamwongeza kofi la heshima. Akaendelea na sekondari Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1976, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka wa 1978.

Mwezi wa Januari 1979 aliajiriwa kufundisha Kajiado, na mwaka wa 1991 akahamishiwa Kitengela, akafundisha darasa la nne mpaka ugonjwa ulipomtoa. Karatasi ya kamati inasema alikuwa mpole. Jameni! Waulize walimu wenzake waliokaa hapo upande wa kushoto, mwulize hata mwalimu mkuu aliyewahi kumwambia akae chini kwenye mkutano wa wazazi, kama alikaa. Mukai alikuwa na moyo safi na hasira ya karibu, na vyote viwili alipewa na Mungu yuleyule.

Aliolewa tarehe 18 Desemba 1982 na Bwana Musila, fundi wa umeme wa hapa Kitengela, mbele ya kanisa hili letu likiwa bado ni la mabati, na Mungu akawabariki na watoto wawili, Kyule aliyezaliwa 1984 na Evalyne aliyezaliwa 1987, walio hapa na baba yao.

Sasa tunafika pale kamati ilitaka tufunike kombe mwanaharamu apite, na familia imekataa.

Mwaka wa 1993, akiwa zamu ya uwanjani, Mukai aliwaona watoto wakicheza kalongolongo nyuma ya darasa, mmoja baba, mmoja mama, mmoja mgeni aliyeleta habari mbaya, na msichana mmoja ambaye darasani hakuwahi kutoa sauti ndiye alikuwa akiendesha ile boma yote, akigawa chakula, akikemea, akisamehe. Jioni hiyo alimwambia Musila kwamba wakubwa wameacha kalongolongo na ndiyo maana hawajui kusemeshana. Akaanza kuandika. Hakuandika mchezo wa jukwaani, wala hakumpa mtu maneno ya kukariri, aliandika watu: wewe ni nani, unataka nini kwa nguvu zako zote, unaficha nini, unampenda nani hapa ndani na unamwogopa nani, kila mtu na karatasi yake moja ambayo mwingine haioni. Kisha Jumamosi mchana alikusanya watu kumi, kumi na wawili, ndani ya ukumbi wa kanisa, akawafunga kila mmoja kitambaa cha kijani mkononi, naye akajifunga chake, akagonga kengele ya shule, na kuanzia hapo hakuna aliyejua litakalotokea, hata yeye. Hakukuwa na mtazamaji, hakukuwa na mshindi, hakukuwa na kiingilio. Mchezo huo aliuita kuazima mtu.

Watu walicheka, ati Mwalimu Mukai anachezesha watu wazima kalongolongo, wengine wakasema amekosa shamba la kulima. Lakini walikuja, na wakarudi, na wakaleta jamaa zao. Jirani yetu Metito, mzee mwenye ng'ombe zake na heshima zake, aliazima susu, yaani nyanya wa Kikamba, mwenye masikio mazito, akamcheza saa tatu bila kutabasamu, mpaka wanawake wa Masii wakamwamkia kwa adabu yote. Musila ndiye hakuweza, kila akifungwa kitambaa anacheka, na mkewe akamfanya mtu wa kuchemsha chai kwa miaka kumi. Mukai aliandika michezo mingi, ya posa iliyoharibika, ya shule iliyopoteza mwalimu mkuu, ya ndugu waliokutana mpakani, na kila mmoja aliuandika kwa wiki nyingi, usiku hasemeshwi, mboga zinaungua, na akiulizwa anasema ngoja, huyu mama bado hajaniambia anaficha nini.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Mchezo ukiisha, kila mtu anasimama kwa duara, anafungua kitambaa, anakiweka mkononi mwa Mukai, na kusema jina lake, la wazazi wake na mahali analala. Mimi ni Metito, mtoto wa Parmuat, nalala Kitengela, susu nimemrudisha. Bila hivyo huendi nyumbani, hata kama mvua inakuja, kwa sababu, alisema, mtu asiende kulala kwa watoto wake na hasira ya kuazima. Yeye alisema jina lake wa mwisho, baada ya wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaazima wote alipokuwa akiwaandika.

Tarehe 12 Julai 2003, siku ya Jumamosi, ulichezwa mchezo wa boma la mzee aliyefariki, watoto wake wamekutana kugawana shamba. Ngigi, yule wa duka la nafaka, aliazima kifungua mimba aliyeuza kipande cha chini bila kuambia mtu. Phylis, fundi wa nguo mwenye duka linalopakana na lake, ukuta mmoja, aliazima kitinda mimba. Mambo yalipopamba moto Phylis alisimama akamlilia Ngigi kwa sauti, uliuza mahali mama amelala, na Ngigi, akitafuta la kumjibu, akasema wewe ni wa kuokotwa, hapa hauna kwenu. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Lilitoka tu, jinsi maneno hutoka kwenye mchezo huo. Ngigi hakujua kwamba Phylis alilelewa na nyanya yake kule Rombo bila kumjua baba wala mama, na kwamba neno hilo alilisikia utoto wake wote. Mukai alijua. Alikuwa ameshainua kengele asimamishe mchezo.

Mlango ukapigwa teke. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye jina lake tulimwahidi mchungaji hatutalitaja, na familia hutimiza ahadi, ila leo amevaa kofia ya kahawia na amekaa kiti cha mbele, alikuwa akipita dirishani akasikia uliuza mahali mama amelala. Na kwa kuwa yeye alikuwa amekata kipande cha makaburi ya kanisa akamuuzia mtu wa ploti, jambo ambalo siku hiyo hakuna aliyelijua ila yeye na Mungu, alidhani anasemwa yeye. Kwenye karatasi kumi na mbili hakukuwa na mzee wa kanisa hata mmoja! Hakuna aliyemtaja. Alijitaja mwenyewe, kwa miguu yake, akafukuza watu kama kuku, akazima taa, akafunga ukumbi kwa kufuli, na watu wakaenda nyumbani na vitambaa mikononi, bila duara, bila majina.

Jumapili iliyofuata ilitangazwa madhabahuni kwamba Mwalimu Mukai anaita mapepo ya watu wasiokuwepo, na vitambaa vile ni hirizi, na akatolewa kwenye ushirika, mwanamke aliyeshona mapazia ya madhabahu hiyo. Na mwaka uliofuata, mtu wa ploti alipokuja na trekta na makaburi yakajulikana, kanisa lilimsamehe yule mzee kwa maombi ya dakika tano, kwa sababu, tuliambiwa, hakuna mkamilifu. Mukai hakuambiwa hata pole. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Familia ina hasira, tunalisema mbele ya jeneza ili lisije likasemwa nyuma ya nyumba, tuna hasira ambayo haijapoa kwa miaka sita.

Lakini Mukai hakuhangaika na mzee yule, alihangaika na mchezo wake. Alianza kutembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale aliokuwa amewaazimisha watu, akawarudisha mmoja mmoja, sebuleni, dukani, mwingine akamfuata mpaka Nkoroi akamkuta akikamua ng'ombe, akangoja amalize. Walibaki wawili, Ngigi na Phylis. Phylis alisema yale yalikuwa maneno ya Ngigi mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, na hatasema jina lake mbele yake ili alicheke. Ngigi, alipoambiwa alichokuwa amekanyaga, aliona aibu mpaka akahamisha mlango wa duka lake ukaangalia barabara ile nyingine. Tangu siku hiyo hawajasalimiana, na ukuta ni uleule mmoja. Mukai alienda kwa Phylis, alienda kwa Ngigi, akarudi kwa Phylis, aliwapikia, aliwagombeza, alilia nao, na kwa kuwa hao wawili hawakurudisha, yeye pia hakusema jina lake, na kitambaa chake hakikutoka mkononi. Alikivaa darasani, alikivaa sokoni, wakasema mnaona, hirizi hiyo. Hakuandika mchezo mwingine. Alisema hawezi kufungua boma nyingine na hii haijafungwa.

Mwezi wa Novemba 2007 alipatikana na saratani ya matiti. Alitibiwa Kajiado, kisha Nairobi, akapata nafuu, akarudi kufundisha muhula mmoja, ugonjwa ukarudi na nguvu mpya. Muuguzi alitaka kumkata kitambaa ili amtafute mshipa, akamwambia, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, mwanangu, tafuta mkono ule mwingine. Alifariki Jumatano tarehe 19 Agosti 2009 alfajiri, Musila akiwa kando yake na chupa ya chai, kazi yake ileile. Mochari pia walitaka kukikata. Tulikataa. Kiko naye hapo ndani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomvumilia, maana haikuwa rahisi. Inawashukuru walimu wenzake waliomfundishia darasa lake bila kulalamika, majirani waliochota maji, na Metito aliyetoa ng'ombe mnayemla leo na ambaye, wodini, alimsalimia mara ya mwisho kwa sauti ya susu mpaka mgonjwa akacheka. Mchungaji mpya tunamshukuru kwa kukubali azikwe na ibada, ingawa alituomba tuwe wafupi.

Bado jambo moja. Ngigi, umesimama kule nyuma karibu na tangi la maji, familia imekuona, na umekuja na mfuko wa mchele bila kuambia mtu jina lako. Phylis, gauni alilovaa dada yetu ndani ya sanduku hili ni wewe uliyemshonea, umekesha nalo, na umekataa kukaa kwenye hema. Nyinyi wawili hamkukosana. Mlikatwa katikati na mtu aliyekuwa akiogopa dhambi yake, na mmebeba mzigo wake miaka sita huku yeye akila kuku kwenye harambee. Tunawaomba mje hapa mbele, kila mmoja aseme jina lake, na la aliyemlea, na mahali analala. Phylis, jina la nyanya yako linatosha, mbele ya watu hawa wote linatosha. Ngigi, usicheke, na usilie kabla yake. Hapa msomaji atanyamaza, na udongo hautaguswa, na kamati ikitaka kuangalia saa iangalie.

Wakishasema, amebaki mmoja, ambaye siku zote alikuwa wa mwisho, na kwa kuwa hawezi, mdogo wake atamfungua kitambaa na kumsemea. Huyu ni Mukai, mtoto wa Masila na Kalekye, mke wa Musila, mama ya Kyule na Evalyne, mwalimu, analala Kitengela. Watu wote amewarudisha. Lala sasa, dada, mchezo umeisha, pumzika kwa amani.