Gesti ya Mzee Ooko Inakosa Mnunuzi

Gari la Mzee Ooko nimeliharibia jina mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa kwenye benchi letu la kahawa hapa mjini, mtaa wa Mirongo. Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya ringi za lori, mbele ya duka la vipuri lililofungwa. Wilhelmina anauza kahawa ya tangawizi na kashata, na maneno anayatoa bure. Ngosha ni bodaboda, pikipiki yake inakaa kivulini muda mrefu kuliko inavyokaa barabarani. Injinia anatengeneza redio, na sijaona redio iliyorudi kwa mwenyewe ikiwa na skrubu zake zote. Mimi wananiita Shemasi, ingawa kanisani kazi yangu ni kupanga viti na kuvifuta vumbi. Jina hilo nimelipokea bila kulikataa, na hilo nalo Mungu analijua.

Gari ni Haisi ya zamani. Mzee Ooko aliitoa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi, tangi dogo la maji, na mapazia aliyoyashona mkewe, Mama Gladness. Nyuma ina ndoano ya kuvutia tela. Miaka mingi alikuwa akivuta boti za watu wa utafiti wanaopima samaki, anazishusha ziwani, mwalo huu na ule, na giza likimkuta huko analala humo humo. Ndiyo maana tunaliita Gesti. Analitunza jamani! Oili anabadilisha kabla ya wakati wake, na akiliegesha analifunika turubai kama anamfunika mtoto. Sasa miguu imemkataa, hawezi tena kukanyaga klachi. Anataka kurudi kwao Kinesi, ambako kuta za nyumba yake zimesimama bila paa, nazo ni za tofali mbichi. Gesti ikiuzwa, anapata bati. Isipouzwa, mvua za vuli zitazikuta kuta ziko wazi, na zitarudi kuwa udongo. Na siku hizi kila asubuhi mawingu yanakaa juu ya ziwa.

Kosa langu ni hili. Mama yangu alipofariki, sikuwa na uwezo wa kumfikisha nyumbani Shirati. Mzee Ooko hakungoja nimwombe. Alitoa godoro, jeneza likalazwa juu ya mbao za kile kitanda, na kwenye tela tukapakia masufuria, turubai na mabenchi. Akatuendesha yeye mwenyewe mpaka makaburini, hata mafuta alikataa nisichangie. Niliporudi mjini nikaona haya, nikawaambia wenzangu wa kahawa kwamba nilikodi Kosta nzima. Wakanipa heshima ambayo haikuwa yangu. Halafu siku moja Injinia akawa anaisifia Gesti, kwamba akiipata ataoa upya, na kila mtu anamsikiliza yeye tu. Nami nikatia neno: "Utalala alipolala maiti?" Wakacheka mpaka Wilhelmina akamwaga kahawa. Sikusema maiti ya nani. Mungu anirehemu, kile kicheko nilikipenda.

Tangu hapo wanunuzi wanakuja na kurudi. Mzee Ooko anawaelekeza kwangu kwa simu, anawaambia, "Mkifika kwenye kahawa muulizeni Shemasi, ni mtu wa kanisani, atawaleta." Wanakaa, wanapewa kikombe, wanapewa na maneno, na hakuna anayepanda kilima hadi uani kwake. Jumapili iliyopita mzee aliniambia, "Wananiambia wamesikia jambo kwenye kahawa. Sikuwauliza wamelisikia kwa nani." Akanishika bega, akaniomba kiti cha pembeni kwa ajili ya miguu yake. Nilimwekea. Ibada yote sikuinua uso.

Juzi Jumatano asubuhi tulikuwa tumekaa kama kawaida. Injinia akaanza, bila kuulizwa na mtu.

Injinia: Oya, mmeshajiuliza kwa nini Gesti inawaka ufunguo wa kwanza?

Ngosha: Si ina betri.

Injinia: Betri gani, bana! Pikipiki yako ya juzi tu unaipiga kiki mpaka unavua shati. Gari la umri ule linawaka mzee hata hajakaa sawa. Yule maiti aliacha umeme wake mle ndani.

Wilhelmina: Maiti ana umeme?

Injinia: Mwili wa mtu una umeme, dada. Mtu akifa, umeme unatoka, unatafuta chuma cha kukaa.

Ngosha: Basi mochwari wasingekuwa wanalipia luku.

Wilhelmina: Mwache amalize, Ngosha. Mtu akiwa kwenye uongo wake usimkatize, atasahau alipofika.

Injinia: Haya, na kutu je? Nitajieni gari la zamani vile, linaloingiza matairi ziwani kushusha boti, halafu halina kutu hata pa kuweka kidole. Kutu imekula geti la kanisa la Shemasi, na pale wanaomba kila siku. Kwenye Gesti imeogopa nini?

Nilitaka kumjibu kwamba imeogopa brashi. Nimemwona Mzee Ooko kwa macho yangu, amelala chali chini ya gari, anasugua na kupaka rangi mahali ambapo hakuna mtu atakayeinama kutazama. Nikanyanyua kikombe, nikanywa.

Ngosha: Hapo kwenye kutu umenishika. Sasa pokeeni la kwangu. Napandisha abiria kule juu, Jumapili, mchana kweupe. Mzee na mkewe wako kanisani, Shemasi ni shahidi. Napita uani kwao, naona pazia la Gesti linavutwa. Kutoka ndani!

Wilhelmina: Upepo huo.

Ngosha: Vioo vimefungwa! Tena lilivutwa kistaarabu, kama mtu anayesema, jamani, jua kali.

Injinia: Alikuwa anapumzika.

Ngosha: Na tela msilisahau. Niliwahi kuliona linapanda mlima, boti hii hapa juu yake, na gari halipigi hata kelele. Kimya kabisa. Nikajiuliza, Gesti inavuta tela, au tela ndilo linaisukuma Gesti?

Halipigi kelele kwa sababu linatunzwa. Nikaona kwamba wenzangu walikuwa wanayataja mema ya mzee, moja baada ya jingine, na kila jema wanaligeuza liwe ushahidi dhidi yake. Wangesema gari lake bovu ingekuwa nafuu. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango, na nilikuwa nimekaa katikati yao nikila kashata.

Wilhelmina: Nyie wote hamjui. Marehemu alikuwa mganga, mtu wa visiwani huko Ukerewe. Gari lilipofika Lamadi, akakaa.

Ngosha: Akakaa?

Wilhelmina: Kitako. Akaomba maji.

Injinia: Wakampa?

Wilhelmina: Wakampa ya chupa. Akasema hayana baridi.

Wakaangua kicheko. Hata mimi nilijikuta meno yako nje, nikayafunga. Hilo la Lamadi nalo nilikuwa nimelidondosha mimi siku nyingine, nusu nusu, kwamba gari lilisimama pale na mtu akaomba maji. Aliyeomba ni mimi. Nilikuwa nimelia mpaka koo limekauka, na Mama Gladness ndiye aliyenishikia chupa.

Kicheko hakijaisha akatokea kijana mmoja, begi mgongoni, vidole vyeusi kwa grisi ile isiyosikia sabuni.

Kijana: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Wilhelmina: Mimi usiniunganishe na hawa wazee. Mimi dada yako.

Kijana: Samahani, dada. Naitwa Yakobo, nimevuka asubuhi hii na kivuko cha Kamanga. Namtafuta Shemasi. Mzee Ooko kaniambia nikimpata huyo, nimefika.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

Ngosha: Umekuja kuona gari?

Yakobo: Ndiyo, kaka. Natengeneza injini za boti. Nazunguka mialo yote ya kwetu Sengerema, spana nazifunga kwenye pikipiki, nikichelewa nalala juu ya nyavu za watu. Nikipata gari la kulala, lenye kuvuta tela la vifaa, nitakuwa nimepona. Nimetafuta muda mrefu.

Injinia: Kaa kwanza. Kunywa kahawa.

Yakobo: Si tukalione kwanza?

Ngosha: Mdogo wangu, kaa. Kuna mambo. Sisi hatuna faida yoyote, tunakuonea huruma tu.

Basi akakaa, wakammwagia yote. Umeme wa maiti, kutu iliyoogopa, pazia, tela linalosukuma gari, mganga aliyekataa maji ya moto. Injinia akaongeza la siku hiyo hiyo, kwamba tangi la maji ndani ya Gesti halipungui. Niliutazama uso wa yule kijana. Alikuja na furaha, na nikaiona inaondoka. Hakunywa kahawa yake. Alikuwa anakizungusha kikombe kwenye kiganja, taratibu.

Yakobo: Huyo marehemu alikuwa nani?

Ngosha: Mganga, si umesikia.

Yakobo: Nimesikia. Jina lake?

Ngosha akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Wilhelmina. Wilhelmina akachukua kitambaa, akaanza kufuta birika ambalo lilikuwa safi.

Wilhelmina: Sisi tumesikia tu.

Yakobo: Kwa nani?

Ngosha alikuna kichwa kwa ufunguo wa pikipiki. Naamini hawakukumbuka. Maneno yalikuwa yamepita kwenye midomo yao mara nyingi, kila mtu akadhani ameyapata kwa mwenzake.

Yakobo: Shemasi, wewe unafahamiana na mzee. Humjui huyo aliyebebwa?

Nilisema, "Sina uhakika." Naliandika hilo kama nilivyolisema. Nilikuwa na nafasi, nimeulizwa kwa heshima, mbele ya watu, na nikamkana mama yangu mchana kweupe.

Yakobo aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Akavaa begi lake.

Yakobo: Mimi nalala peke yangu porini huko. Siwezi kulala na jambo nisilolijua. Mwambieni mzee nimeshukuru. Ngoja niwahi kivuko.

Alipiga hatua akaenda. Hakukasirika wala nini, alikuwa tu mtu aliyezoea kurudi mikono mitupu. Nikauwaza uso wa Mzee Ooko akiambiwa tena kwamba huyu naye amerudi. Asingeuliza ni nani aliyesema. Angeniomba tena kiti cha pembeni. Nikasimama, kahawa ikanimwagikia kwenye suruali.

Mimi: Anaitwa Selina!

Yakobo akageuka.

Mimi: Aliyebebwa anaitwa Selina. Hakuwa mganga. Alikuwa analima mihogo, na alikuwa anaimba kwaya mpaka sauti ilipomwisha. Ni mama yangu mzazi.

Ngosha: We Shemasi! Mama yako si ulimkodia Kosta?

Mimi: Sikukodi. Sikuwa na kitu. Mzee Ooko ndiye aliyemzika mama yangu, mimi nilipanda tu gari.

Wilhelmina: Yesu wangu. Na mimi nimemfanya aombe maji!

Mimi: Uliyapata kwangu, dada. Yote mmeyapata kwangu. Mimi ndiye niliyesema kwamba humo alilala maiti.

Injinia: Lakini kwa nini, Shemasi? Mtu kakubebea mama!

Mimi: Walikuwa wanakusikiliza wewe tu. Nikataka wanisikilize na mimi.

Ni mara ya kwanza nimemwona Injinia akikosa nadharia. Wilhelmina alikaa kwenye ndoo yake akajifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo bado naisikia mwilini.

Wilhelmina: Na sisi tulicheka. Ungetuambia, tungecheka?



Yakobo alikuwa amerudi hatua chache. Alisimama mbele yangu, na sikuona dharau usoni mwake, nikatamani niione, ingekuwa rahisi zaidi.

Yakobo: Kwa hiyo ni kweli, jeneza lililala humo.

Mimi: Ni kweli. Juu ya mbao za kitanda, upande wa dirisha. Sitakudanganya tena.

Yakobo: Na pazia? Na tangi?

Mimi: Hayo hakuna. Linawaka vizuri kwa sababu lina mwenyewe. Halina kutu kwa sababu mzee anaisugua. Wewe ni fundi, lala chini yake utazame, utamjua Mzee Ooko ni mtu gani kabla hamjasalimiana.

Yakobo: Mimi maiti naogopa, kaka. Nisikufiche.

Mimi: Hata mimi.

Kule ufukweni kivuko kikapiga honi ya kuita abiria. Yakobo akatazama upande wa ziwa, ambako mawingu yalikuwa yameshuka yakawa meusi kwa chini, kisha akanitazama mimi, vidole vyake vyeusi vimeshika mikanda ya begi. Ngosha aliwasha pikipiki bila kuambiwa, akaisogeza akasema safari hii hamlipishi mtu, kokote kule. Hakusema ni kilimani au ni kivukoni. Nikavua kofia. Sijui kuomba vizuri kwa maneno marefu, hata kanisani huwa naishia katikati. Nikamwambia hivi:

"Mdogo wangu, nakuomba usivuke sasa hivi. Twende kilimani nikuonyeshe alipolala mama yangu."