Kadi Yenye Nafasi ya Jina Langu

Ndugu zangu wa darasa la jioni, kama mna kicheko cha akiba, kitoeni sasa. Kwa miaka minne mizima niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua litatoka kesho, kuwa serikali ilikuwa imemwajiri mwanamke mmoja pale Kasese kwa kazi ya kuua watu kwa wino mwekundu. Mama huyo akikuandika kwa nyekundu, mahindi ya msimu unaofuata watakuvunia wengine. Na ushahidi tulikuwa nao. Mzee mmoja wa Kisinga aliandikwa Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Alikuwa mzee kuliko mlima wenyewe, lakini hilo hatukulitia maanani.

Jina la mama huyo silitaji leo, wala la mtu mwingine yeyote. Ninayemwaibisha hapa ni mimi.

Nilikuwa tarishi wa ofisi ya serikali. Kutoka hapa Bwera mpaka Kasese hakukuwa na tarishi mwenye mbio kama zangu; baiskeli yangu ilikuwa inatoa moshi. Lakini sikujua kusoma. Barua nilizitambua kwa rangi ya bahasha na kwa uso wa aliyenipa. Mtu akinitaka nimsomee, nasema miwani nimeisahau nyumbani. Sijawahi kuwa na miwani. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, nawajua, hata zenu zimesahaulika nyumbani.

Basi akaja huyo mama, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha mafaili. Chumba gani? Karatasi za tangu enzi za Wazungu zilikuwa zimelala chini kama majani ya mgomba, kuku wanatagia juu yake, mchwa wanakula barua za machifu. Wanaume wa ofisi ya mbele walisema hatamaliza hata siku mbili za soko. Wakamnyima kiti. Akakalia kreti la bia. Wakamwambia achemshe chai. Akawajibu kwamba chai haikuandikwa katika barua yake ya kazi, na barua hiyo iko kwenye faili, karibuni mkaisome.

Alitengeneza rafu kwa mbao za masanduku, akavipa vitu vyote namba, kisha akaweka sheria moja: faili halitoki bila kuacha kadi mahali pake. Kwenye kadi unaandika namba ya faili, siku, na jina lako kwa mkono wako. Ukiwa mkubwa, unaandika. Ukiwa mkubwa sana, unaandika vizuri zaidi.

Siku moja akaingia afande mmoja wa jeshi. Mwaka ule, ndugu zangu, afande akiingia ofisini hata saa ya ukutani ilisimama wima. Alitaka faili la mashamba ya huku kwetu, kando ya mto Lubiriha. Mama akamsogezea kadi.

Afande akasema, "Wewe mama, unajua mimi ni nani?"

"Sijui, afande. Ndiyo maana kadi ina nafasi ya jina."

Mimi nilikuwa mlangoni nikiyaona yote. Afande alimtazama, akaitazama kadi, akatoka. Hakutaka jina lake libaki mle.

Kesho yake alinikuta Kikorongo, nikisubiri lori lenye mzigo wa ofisi. Akanikalisha, nyama ya mbuzi ikaja, chupa ya waragi, pombe kali ile, ikaja, ikaja nyingine. Akanichorea namba kwenye kiganja. Ni faili moja tu, akasema, na wewe si unaingia mle kila siku? Ndugu zangu, niliingia, nikalinganisha michoro ya kiganjani na michoro ya rafuni, nikalichomoa faili, nikampa. Kadi sikuacha. Ningeacha vipi, nami siwezi kuandika?

Asubuhi iliyofuata nilikuta kadi pale penye pengo. Imeandikwa kwa nyekundu, nami nikaamini ni jina langu.

Nilikimbia bila kuaga. Nilifika Kabatoro nikabeba chumvi ziwani, nikingoja kufa. Nilijichagulia hata mahali pa kuangukia, pakavu, nisiwasumbue wazikaji. Nikanywa wiki tatu. Sikufa. Badala ya kifo akaja mfanyabiashara Mkongomani, jirani yetu, aliyekuja kununua chumvi. Akaniona, akaweka gunia chini.

"We mutoto wa mama yule, uko huku? Mama yako iko nalia. Afande anasema shamba ni yake. Barua yenu ya serikali haionekani."

Hapo ndipo waragi yote iliponitoka mwilini mara moja. Lile faili lilikuwa na barua ya mama yangu, yenye mipaka ya shamba alilonilelea. Nililibeba kwapani, nikaliuza kwa mbuzi na chupa, na sikujua, kwa sababu jina la mama yangu lilipita mbele ya macho yangu nikaona michoro.

Nikarudi Kasese. Mama wa mafaili alikuwa kwenye kreti lake. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya baraza la gombolola, yaani tarafa yetu ya huku Bwera.

Nikamwambia, "Nikisema, mama, nitakufa."

"Utakufa siku moja. Baraza ni Alhamisi."

Wakubwa walimkataza asiende. Akachukua daftari la barua zinazoingia, akaacha kadi rafuni kwa jina lake mwenyewe, akalifunga daftari kwa kitenge, akapanda lori la mihogo mpaka hapa Bwera. Mbele ya watu wote alifungua ukurasa na kusoma: siku barua ya mama yangu ilipofika, namba yake, na mipaka kwa ufupi, kutoka mtoni hadi kwenye mtini, kutoka mtini hadi kwenye kahawa ya jirani.

Afande akacheka. "Daftari si barua."

"Kweli, afande. Barua iko wapi?"

Nilisikia mbuzi akitafuna ng'ambo ya mto, kule Kongo, nchi nyingine kabisa. Nikasimama. "Niliitoa mimi," nikasema. "Nikampa huyu aliyeketi pale."

Nililala mahabusu siku saba, na kazi ikaisha. Niliyoyapata mle siyaelezi. Mgongo wangu unayajua. Lakini baraza lilifuata daftari, na shamba likabaki kwa mama yangu. Mihogo mliyokula hapa leo mmeitoa wapi, kama si pale?

Na yeye walimnyang'anya ufunguo. Hakwenda nyumbani. Kila asubuhi alileta kreti lake akaketi nje ya mlango uliofungwa, akifuma kikapu. Baada ya miezi miwili hakuna mkubwa aliyeweza kupata hata barua yake ya likizo. Wakamrudishia ufunguo. Akawaomba waandike barua ya kuurudisha, akaipa namba, akaiweka kwenye faili.

Mimi nilikuja kuketi kwenye benchi hizi hizi, mtu mzima mwenye ndevu, nikisoma a, e, i, o, u. Watoto walinichungulia dirishani wakacheka. Wacheke. Nilipoweza kuandika jina langu bila kutoa ulimi nje, nikaenda kwake. Akanipeleka kwenye lile pengo, kwa maana faili halikurudi kamwe. Kadi ilikuwa bado imesimama. Nikaisoma mwenyewe: namba ya faili, siku, na mbele ya neno "aliyechukua", pengo tupu. Miaka yote ile hakuniandika. Alisema jina huandikwa na mwenye jina.

Namshukuru yeye. Namshukuru jirani aliyeweka gunia chini, na mwalimu wetu huyu mwenye subira kuliko punda. Nanyi mliokuja leo mara ya kwanza, msione haya. Asiyejua kusoma anaweza kuuza shamba la mama yake huku akipiga mluzi. Nilipiga mluzi mimi.

Basi siku ile mama wa mafaili alinipa kalamu. Nikaitazama ncha yake: nyekundu. Nikamrudishia. Nikamweleza habari za yule mzee wa Kisinga, na wengine tuliowahesabu, na jinsi nilivyongoja kufa kwenye chumvi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wino wa buluu walipewa wanaume wa ofisi ya mbele. Mimi nilipewa uliobaki. Andika."