Mwalimu Mvuke na Muhula wa Kusomea Jikoni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha sayansi shuleni hapa, mwalimu wetu mpendwa, ambaye wanafunzi wote humwita Mwalimu Mvuke, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza. Aliinamia birika lililokuwa likichemka ili aonyeshe kimiminika kikigeuka gesi, miwani ikaingia ukungu, naye akaendelea kufundisha huku akiandika ukutani, akidhani ni ubao.

Kwake maada haikuwa maneno ya kukariri. Aliwabananisha wanafunzi bega kwa bega wawe chembechembe za yabisi, akawalegeza wapishane kama kimiminika, kisha akawaambia sasa ni gesi. Siku moja gesi hiyo ilitoka mlangoni mbio, na wawili hawakuonekana mpaka chakula cha mchana. Harufu inavyosambaa aliifundisha kwa manukato yake mwenyewe. Mumewe hulalamika kwamba mnunuzi ni yeye, wanukiaji ni watoto wa watu.

Lakini sifa zake hazikamiliki bila mwaka ule upepo ulipoezua paa la maabara, mtihani wa vitendo ukiwa umebisha hodi. Mkuu wa shule wa wakati huo aliamua wanafunzi wakariri majaribio vitabuni, basi. Mwalimu Mvuke alimsihi, hakusikilizwa. Akaenda jikoni kwa mpishi wetu, mama asiyependa mtu aguse hata mwiko wake.

“Mwalimu, humu kunapikwa, hakusomwi,” mpishi alimwambia.

“Dada yangu, wewe unafanya sayansi kila siku. Nakuletea wanafunzi tu.”

Mpishi akacheka, akawapa meza moja na sufuria mbili.

Muhula ule wanafunzi walichuja maji ya chumvi yenye mchanga kwa kitambaa, wakayachemsha mpaka chumvi ikabaki peke yake. Waliyeyusha barafu, wakaunguza sukari, wakaona wenyewe kwamba barafu hurudi ilivyokuwa, sukari iliyoungua hairudi ng’o. Humo ndimo binti mmoja, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani, alimouliza, “Maji yakikauka sufuriani, yanakwisha kabisa?”

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akawanyamazisha kwa jicho, akainua mfuniko wa baridi juu ya mvuke, kisha akamwambia binti apitishe kidole ndani yake.

“Umelowa?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Basi hayajakwisha. Yamehama tu. Na swali lako ndilo somo la leo.”

Tangu siku hiyo binti yule hakunyamaza tena. Ilifika mahali tukamwomba awaachie wenzake nafasi.

Darasa zima lilifaulu. Mkuu wa shule alikwenda jikoni mwenyewe kutoa shukrani, na muhula uliofuata maabara ikaezekwa upya. Aliyenuna ni mpishi: alikuwa ameshawazoea wageni wake.

Mwalimu, wengine wetu ulitufundisha, wengine tulifundisha kando yako, na sote tulikukopa chaki tusirudishe. Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, ahsante sana. Tunakuombea afya njema, wajukuu wenye maswali mengi, na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Staafu kwa raha, mwalimu wetu.