Mjomba Bomba na Fisi Maji Aliyeogopa Maji

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, Mjomba Bomba atakabidhi funguo za vizimba na kuagana na kituo chetu cha wanyama yatima baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Walioajiriwa juzijuzi wanamjua kama msimamizi mkuu wa wanyama. Sisi wahenga wa jikoni tunakumbuka alivyoingia: spana mbili mfukoni, katani ya kuzibia bomba begani, ameitwa kurekebisha sinki lililokuwa likivuja pale tunapochemshia maziwa.

Kazi ilikuwa ya siku mbili tu. Siku ya pili, fundi akiwa amelala chali chini ya sinki, mtoto wa paa aliyekuwa amekataa chupa ya kila mmoja wetu alimsogelea, akamnusa, akaanza kunyonya kidole gumba chake. Fundi akatulia tuli na spana mkononi. Alimpungia mkono mmoja wetu alete chupa, akaichomeka polepole mahali pa kidole, na mtoto wa paa akanywa mpaka tone la mwisho. Meneja wa wakati huo alikuwa amesimama mlangoni. Alimuuliza kama wiki ijayo ana kazi mahali pengine. Bomba lilipona, fundi akabaki, na jina la utani likabaki naye.

Wanafunzi waliowahi kututembelea hawatamsahau. Mjomba hakuwa mtu wa kusimama na fimbo mbele ya picha. Kama mada ni twiga, yeye mwenyewe, na urefu wake ule, alipanua miguu na kuinama mpaka kidevu kikaribie ardhi, ili waone ni kwa nini twiga hawezi kunywa maji bila kujiweka hatarini: shingo ni ndefu, lakini miguu ni mirefu zaidi. Siku moja suruali ilipasuka katikati ya somo, kukasikika mlio kama wa karatasi. Alimaliza kipindi akiwa ameegemea ukuta, na hakuna mwanafunzi aliyejua kwa nini mwalimu wao alitoka chumbani kinyumenyume. Mkewe, ambaye ni mshonaji, aliitia kiraka na kumwonya kwamba safari nyingine afundishe habari za kobe.

Nungunungu nao walikuwa na wakili. Kila mgeni aliyedai kwamba mnyama huyo hufyatua miiba kama mishale alijibiwa kwa upole: "Harushi kitu, ndugu yangu. Anakuja kinyumenyume. Wewe ukisimama kumshangaa, unajichoma mwenyewe." Na yule nyegere wetu aliyekuwa akifungua komeo kila usiku, ambaye ofisi ilitaka ahamishwe, Mjomba ndiye aliyemkalia chonjo akagundua siri yake. Alikuwa akigeuza ndoo ya maji, anapanda juu yake, kisha anavuta komeo kwa kucha zile ndefu alizopewa kuchimbia mizinga na vichuguu. Ndoo iliondolewa na nyegere akanuna wiki nzima. Mjomba alimletea gogo lenye mabuu ndani ili apate kazi ya kufanya. "Mwenye akili akikosa kazi, anafungua milango ya watu," alisema.

Lakini ukituuliza sisi tuliokuwapo ni jambo gani hasa tunamkumbukia, wote tutakutajia Sabuni.

Sabuni alikuwa mtoto wa fisi maji, jike, aliyeletwa ndani ya sanduku la viatu baada ya mama yake kugongwa na lori karibu na daraja. Hakuzidi urefu wa kiganja na nusu. Manyoya yalikuwa mazito ya rangi ya kahawia, koo jeupe, masharubu magumu kama nyuzi za ufagio. Vidole vyake ndivyo vilivyotushangaza. Havikuwa na kucha. Vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, na alivitumia kupapasa kila kitu: sikio lako, kifungo cha shati, ufunguo mfukoni. Tulimwita Sabuni kwa sababu hakuna aliyemshika akakaa. Isipokuwa kwa Mjomba. Kwake alijikunja ndani ya koti na kulala fofofo.

Aliponenepa na kuanza kula samaki wa kusagwa, daktari wetu wa wanyama alisema wakati umefika wa kumpeleka bwawani. Wengi hudhani fisi maji huzaliwa akijua kuogelea. Sivyo. Mtoto huyaogopa maji, na mama humkamata ngozi ya shingo na kumwingiza kwa nguvu, siku baada ya siku, mpaka azoee. Sisi tulipojaribu, kila mmoja kwa zamu yake, Sabuni alipiga kelele, akang'ata, akatoka mbio na kwenda kujificha kwenye viatu vya Mjomba. Daktari akaita kikao. Alisema wazi kwamba fisi maji asiyeogelea hawezi kujitafutia kaa wala samaki, na hataachiwa mtoni. Atazeekea kizimbani. "Anamwamini mtu mmoja tu," alisema, akimtazama Mjomba. "Itabidi wewe uingie naye."

Ndipo ilipotujia kwamba kwa miaka yote ile hatukuwahi kumwona ndani ya bwawa alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alilisafisha likiwa limekaushwa. Majani yakidondoka juu ya maji, aliyaopoa kwa mti mrefu, akiwa amesimama mbali. Mtu anayeshinda na mabomba, na maji yakizidi kifundo cha mguu hayagusi!

Mjomba alisubiri wengine watoke, akatuambia sisi wawili watatu tuliobaki. Alipokuwa mdogo, kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa alivuka mto wao wa nyumbani kumfuata mbuzi, mvua zikiwa zimenyesha milimani. Mto ulifurika ghafla. Yeye alikuwa ng'ambo ya huku, ameshika viatu vya kaka yake. "Aliogelea vizuri kuliko mimi ninavyotembea," alisema. "Bado ukamchukua." Kisha akaomba aende nyumbani mapema.

Yaliyotokea nyumbani tulikuja kusimuliwa na mkewe, naye ametupa ruhusa ya kuyaandika. Mama huyu alikulia kando ya ziwa na alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Alipoolewa na kuona jinsi mumewe anavyobadilika rangi kila akimwona karibu na maji, aliacha kuogelea. Hakulalamika wala hakuligusia tena. Watoto wao watatu walikua bila kujua kwamba mama yao aliwahi kuwashinda wavulana wote wa kijijini kwao. Jioni hiyo Mjomba alimweleza habari za Sabuni, akamaliza kwa kusema atamwomba daktari atafute kituo kingine. Mkewe alikuwa ameketi mbele ya cherehani. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akamwambia: "Baba watoto, nitakushonea kaptula."

Jumamosi iliyofuata, wageni walipokwisha kuondoka, wawili hao walikuja bwawani. Kaptula ilikuwa ya maua makubwa, kwa maana ndicho kitambaa kilichokuwa kimebaki dukani kwake. Dereva wetu alicheka mpaka akaketi chini. Mjomba aliingia hatua kwa hatua, ameshika ukingo, midomo imekauka. Alitoka mara mbili. Mara ya tatu mkewe alimlaza chali juu ya maji, mikono yake chini ya mabega ya mumewe.

"Ukiniachia je?" aliuliza, macho ameyafumba.

"Legeza shingo."

"Nakuuliza, mama, ukiniachia?"

"Nimekuachia kitambo," mkewe alijibu. "Mbona unaelea."

Alifumbua macho, akaona mikono ya mkewe ipo hewani, na papo hapo akazama. Lakini aliibuka mwenyewe, akikohoa na kucheka, na dereva safari hii hakucheka.

Baada ya Jumamosi kadhaa, Mjomba aliingia na Sabuni begani. Mnyama alimpanda kichwani, akamvuta masikio, akalia filimbi yake ile ya kuita mama. Mjomba alitulia. Alisogea sehemu yenye kina kifupi, akapanga mawe chini, na kuficha kaa wadogo katikati yake. Fisi maji wa aina hii hawindi kwa macho peke yake. Vidole ndivyo macho yake. Huvipitisha chini ya mawe na matopeni mpaka viguse kitu kinachotikisika. Sabuni alipapasa jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kila siku Mjomba alisogeza mawe mbele kidogo. Asubuhi moja kaa mmoja alikimbilia kwenye kina, na Sabuni, kwa uroho, alimfuata akasahau kuogopa. Mkia ule mnene ulipiga mara moja, mwili ukanyooka, akapita chini ya miguu ya mlezi wake kama kivuli na kutokea upande wa pili akitafuna. Mjomba alisimama pale, maji kifuani, akijipangusa uso kwa mikono yote miwili. Alituambia ni maji yaliyomwingia machoni. Tukamwitikia, "Ndiyo, Mjomba, ni maji."

Siku ya kumwachia tulikwenda wanne: daktari, dereva, Mjomba, na mimi niliyebeba kapu la chakula. Mto ulikuwa mpole, wenye matete na kingo za udongo ambamo fisi maji huchimba mashimo yao. Njiani Mjomba alikuwa amesema atasubiri garini. Tulipofungua sanduku, Sabuni hakutoka. Alitoa pua, akalia filimbi yake, akarudi ndani. Daktari alimtazama dereva, dereva akanitazama mimi. Ndipo mlango wa gari ulipofunguka. Mjomba alivua viatu, akaviweka sambamba nyasini, akakunja suruali, akaingia mtoni mpaka magotini. Akasimama. Sabuni alimfuata, akamzunguka, akapapasa vidole vyake vya miguu, kisha akazama. Aliibukia mbali na kaa mdomoni, akapanda ukingo wa pili, akajigaragaza kwenye nyasi kujikausha kama wafanyavyo wenzake. Hakugeuka. Matete yalitikisika, yakatulia.

Hatukumharakisha. Alipotoka alisema neno moja tu, "Tayari," nasi hatukuuliza kama alikuwa akisema habari za fisi maji pekee.

Tangu siku hiyo hakuna fisi maji aliyelelewa hapa akabaki kizimbani. Bwawa jipya, lenye mteremko na mawe kama mto, ni la mikono yake, na wahudumu wote wa wanyama wamefundishwa kuogelea humo na mkewe, ambaye kila likizo sasa huenda ziwani kwao na mumewe pamoja na wajukuu. Tunaarifiwa kwamba Mjomba huogelea karibu na ukingo, na kwamba kaptula ya maua bado ipo.

Mjomba, umetuachia wanyama wenye afya na vijana wanaojua kutulia mnyama anapoogopa. Jikoni kwetu hakutakuwa tena na mtu wa kuonja maziwa ya ndama wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na kudai yamepungua joto. Tutalizoea pengo hilo kwa shida. Mkeo ametuomba tusikupigie simu usiku wa manane eti bundi kakataa kula, nasi tumekubali, ingawa kwa shingo upande. Shukrani zetu ni kwako, kwa mama, na kwa watoto waliotuazima baba yao kwa muda mrefu hivi. Afya iwe yako, na furaha isikuhame. Asubuhi baada ya kukabidhi funguo hakuna mtoto wa kunyonyeshwa alfajiri: lala, Mjomba Bomba, mpaka jua likugongee dirisha.