Mama Mawimbi Anaiaga Meza ya Matengenezo

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi miwili ya kazi, fundi wetu wa matengenezo anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini. Kiwanda kizima, madereva wa mizigo na wateja wa mbali humwita Mama Mawimbi. Hafla ya kumuaga itaanza saa nane mchana kwenye chumba chake cha matengenezo, kwa sababu ukumbi wetu, kama mjuavyo, sasa umepangishwa kwa muuza magodoro.

Mimi ni mtunza stoo, si mwandishi. Mhariri wa jarida hili aliondoka mwaka juzi, naibu wake akamfuata, na kalamu ikaniangukia mimi. Zamani jarida lilikuwa na kurasa nane na picha za rangi. Sasa ni karatasi moja iliyokunjwa, na wasomaji wake ni sisi kumi na mmoja tuliobaki. Basi nivumilieni.

Mama Mawimbi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, wakati kiwanda kilikuwa na watu mia moja na sitini na zamu mbili kwa siku. Tulitengeneza rimoti za kuongozea ndege, boti na magari madogo. Vifaa vya watu wazima walioupenda mchezo wao kwelikweli, si vya kumnyamazishia mtoto sokoni. Alianzia kwenye kukaza skrubu. Mwezi wa tatu tu akarudisha boksi zima la rimoti zilizokwishapita ukaguzi, akidai kwamba vijiti vya kuongozea vinakwaruza kidogo vikisukumwa kushoto. Msimamizi akamwona mjuaji. Mzee mwanzilishi wa kiwanda akachukua rimoti moja, akafumba macho, akasukuma kijiti kushoto, na siku hiyohiyo akaamuru huyu binti ahamishiwe ukaguzi.

Enzi hizo, kila rimoti ilikuwa na masafa yake, na masafa hayo yaliamuliwa na kristali, kipande cha kuchomeka kidogo kama punje ya hindi. Rimoti mbili za masafa mamoja zikiwashwa pamoja, ndege iliyo angani haijui imtii nani, inaanguka puu. Kwa hiyo uani kwetu palikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba za masafa. Ukitaka kuwasha rimoti, kwanza unachukua kibanio cha namba yako na kukibana kwenye kola. Huna kibanio, huwashi, hata uwe bosi.

Ijumaa moja Mama Mawimbi akajiendea nyumbani na kibanio namba kumi na tisa kolani. Kesho yake tulikuwa na maonyesho mbele ya wenye maduka, na ndege yetu kubwa, fahari ya kiwanda, ilikuwa ya namba hiyohiyo. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Wageni walikunywa soda saa nzima wakiitazama ndege imelala kwenye nyasi, mpaka dereva alipotumwa kukifuata kibanio. Alimkuta mwenyewe anafua, na namba kumi na tisa iko kambani, imeshikilia soksi za mumewe. Mume huyo, fundi cherehani, hadi leo anadai hajawahi kuona kibanio kinachobana vizuri kama kile.

Ningependa kuendelea na ya kuchekesha, lakini mambo yalikwenda kombo, na wote mnajua. Zilikuja rimoti mpya zinazojichagulia masafa zenyewe, zikitengenezwa na wengine. Sisi tulichelewa miaka minne kuzitengeneza, maana bosi wetu, mtoto wa mzee, aliapa kwamba wateja wanazipenda kristali zao. Waliendelea kuzipenda mpaka siku walipoonja kuishi bila hizo. Kisha zikaja kamera za kuruka, zinazosimama angani zenyewe kama zimetundikwa, hazihitaji mtu aliyejifunza kitu. Maduka yaliyouza bidhaa zetu yakafunga milango moja baada ya jingine. Ukafungwa mstari wa ndege, ukafuata wa boti. Zamu mbili zikawa moja, kisha nusu. Miaka miwili sasa hatutengenezi chochote. Tunabandika stika yetu kwenye vitu vinavyotufikia vikiwa vimekamilika. Inauma, na sioni sababu ya kuificha.

Kilichobaki kuwa chetu kweli kilikuwa meza ya Mama Mawimbi. Tangu boksi la kwanza kabisa, mzee aliandika kwenye kila kifuniko kwamba chochote tulichouza tutakitengeneza kikiharibika, maadamu mlango wetu uko wazi. Sisi tuliisahau ahadi hiyo. Wateja hawakuisahau. Vifurushi viliendelea kuja, vingine vimefungwa kwa mashuka ya zamani, na Mama Mawimbi alitengeneza kila kimoja na kukirudisha na kikaratasi cha maneno yake. Vikaratasi hivyo havikuwa na huruma. Daktari mmoja wa meno aliambiwa kwamba mtu aliyeacha betri zioze ndani ya rimoti miaka tisa hana haki ya kumsema mtu kuhusu usafi wa kinywa. Yule daktari alijibu kwa kadi ya shukrani.

Miezi mitano iliyopita bosi alitangaza kwamba Mama Mawimbi akistaafu, chumba cha matengenezo kitafungwa. Mara tatu mama huyu alikuwa ameomba apewe mtu wa kumfundisha kazi, na mara tatu aliambiwa asubiri kidogo. Sasa akaambiwa kwamba vifaa vitakavyobaki kwenye rafu siku ya mwisho virudishwe kwa wenyewe vikiwa vibovu, pamoja na barua ya samahani. Siku hiyo rafuni palikuwa na vifaa arobaini na saba. Aliisoma barua, akaikunja, akasema hawezi kutia karatasi kama ile ndani ya kifurushi cha mtu. Tangu hapo alikuwa anashindana na kalenda, na kwa bahati hakuna kifurushi kipya kilichokuja.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na si kwa sifa. Wiki aliyokwenda kumzika dada yake, niliagizwa niisafishe stoo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa getini na gari limewashwa. Nilijua fika droo zipi ni za Mama Mawimbi: gia, koili, vijiti, kristali, droo kumi na sita alizozipanga mwenyewe kwa miaka. Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kumwomba yule mnunuzi arudi wiki ijayo. Nikajitia hamnazo, nikasaini, zikaondoka.

Jumatatu akarudi, bado macho yamevimba kwa kulia. Akafungua stoo, akasimama katikati ya rafu tupu. Nilikuwa nimejiandalia visingizio vyangu vyote, lakini hakuniuliza hata swali moja kuhusu droo. Alitaka kujua tu kama ufunguo wa kabati la vioo pale mapokezi ninao mimi.

Kabati hilo lilikuwa na sampuli moja ya kila rimoti tuliyowahi kutengeneza, thelathini na mbili kwa jumla. Nilimpa ufunguo, na akaanza kuzitoa moja moja. Rimoti nyekundu iliyowahi kutupatia kikombe ilitoa vijiti vyake kwa mjane aliyetaka boti ya marehemu mumewe itembee tena. Nyingine ikatoa koili, nyingine gia. Bosi alipoona rafu mbili za kabati hazina kitu alikuja juu, akafoka kwamba ile ni historia ya kiwanda. Mama Mawimbi, bila kuinua kichwa, akamjibu kwamba historia ya kiwanda iko majumbani kwa watu, na imeharibika. Bosi akarudi ofisini kwake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibaki naye kila jioni kumfungulia skrubu. Hajawahi kunilaumu, wala hajawahi kusema yamekwisha. Nikikosea ananipokonya bisibisi, basi.

Wiki iliyopita kabati lilibaki na kifaa kimoja tu: rimoti ya kwanza kabisa, ya sanduku la mbao, ambayo mzee aliitengeneza kwa mikono yake. Kamati ya hafla, yaani bosi, mhasibu na mimi, tukakubaliana iwe zawadi ya Mama Mawimbi. Mhasibu akaipaka nta mpaka ikang'aa. Jumanne mama akasikia, akaomba apewe mapema. Tulifurahi jamani! Mhasibu alilia. Tulidhani anataka kukaa nayo peke yake kidogo, akumbuke ujana wake.

Jumatano asubuhi niliikuta mezani, mgongo wazi, kristali yake imetolewa. Kristali ya masafa hayo haitengenezwi tena popote. Sasa ilikuwa ndani ya rimoti ya mkunga mmoja mstaafu, kifaa cha arobaini na saba, cha mwisho. Kando yake boti ya yule mkunga ilikuwa inageuza usukani kushoto na kulia, na Mama Mawimbi alikuwa akiitazama mikono kiunoni. Rafu ilikuwa tupu. Hakuna barua hata moja ya samahani iliyotumika. Akaniambia kwamba sasa anaweza kuondoka.

Kwa hiyo leo saa nane msishangae. Zawadi atakayokabidhiwa ni sanduku zuri la mbao lisiloweza kuwasha chochote. Pigeni makofi hivyohivyo.

Mama Mawimbi, kuna jambo sijakuambia, na nakuandikia hapa kwa sababu mbele yako ningeshikwa na kigugumizi. Jana mchana ulipokwenda kula, kilifika kifurushi cha arobaini na nane, kimefungwa kwa shuka. Sikukifungua. Nilijua ukikiona hutaondoka, na sina droo hata moja ya kukupa. Nilimwandikia mwenye kifurushi barua ya samahani kwa mkono wangu, nikakikabidhi kwa dereva yuleyule aliyekileta, kikarudi. Ahadi ya mzee imevunjwa na mimi, kama nilivyosaini zile droo. Haikuvunjwa na wewe.

Ahsante kwa miaka yote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na siku nyingi za amani pamoja na fundi cherehani wako. Kazi yako umeimaliza, dada. Nenda nyumbani.