Jina la Ukumbi wa Profesa

Kwenye boti ya kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, kijana mwenye tai alimwamkia mama aliyeketi kando yake, kisha akamweleza, bila kuulizwa, kwamba ametumwa na chuo kikuu. Wamejenga ukumbi wa kumkumbuka mkuu wao wa kwanza, marehemu Profesa Othmani Shaibu, mzaliwa wa Mafia. Akakunjua mchoro wa ukumbi huo. Mimi, niliyekaa nyuma yao, nikarefusha shingo. Mchoro mkubwa namna ile haukuwa siri.

"Othmani ni mtoto wa mama yangu mkubwa," akasema yule mama. "Huyo Shaibu mmemtoa wapi?"

"Si baba yake, mama? Yumo kwenye vyeti vyote."

"Kwenye vyeti yumo, nyumbani hakuwamo. Alikwenda dago, kambi ya mbali ya wavuvi, mimba ikiwa changa, hakurudi tena. Aliyemlea na kumsomesha ni mama mkubwa Hamisa, kwa vitumbua. Hata kaburini, sheikh alipomsomea talkini, alimwita Othmani mwana wa Hamisa."

Kijana akajibu kwa upole wa ofisini kwamba kamati imeshapitisha jina, na herufi zimeshabandikwa. Kamati, nilivyomwelewa, haikuzaliwa na mtu.

"Na utepe atakata nani?"

"Mama mzazi wa marehemu. Ndiye niliyemfuata."

"Vyema. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Atakuomba umsomee jina lililoandikwa."

Boti ikagusa gati. Abiria tukasimama sote, isipokuwa kijana.